Halubadiri ya Magunia Mawili

Mkipita kwetu, juu kidogo ya Wete, mkaona baraza yenye kamba za makumbi ya nazi zimetundikwa ukutani, hapo ndipo alipokuwa akikaa Jaribu, mume wa Mwatima. Kamba zile kazisokota yeye. Miaka yake ya mwisho hakuwa na kazi nyingine, maana kutoka kiunoni kwenda chini mwili haukuwa wake tena. Watu walizinunua, wakazisifu, na wakishafika njiani husema kwa sauti ndogo: maskini, mwizi yule, lakini katubu. Nyumba yangu na yake zimegawanywa na ua wa makuti tu, kwa hiyo maneno hayo yalinifikia mie kwanza, na kila mara mkono uliniwasha nitoke na mchi. Sikutoka hata siku moja. Niliapishwa nisiwaambie watu wa hapa, na kiapo si mchezo. Lakini nyie si watu wa hapa. Kaeni niwaeleze alikuwa mtu gani.

Babu yake alitoka bara, sijui Unyamwezi, sijui Manyema, mwenyewe Jaribu alikuwa hajui. Aliletwa na kazi za karafuu kama wengi walivyoletwa. Baba yake kazaliwa hapa, kazikwa hapa, na kitovu cha Jaribu kimezikwa nyuma ya nyumba ile ile aliyofia. Kipemba alikisema kuliko mie niliyeolewa kutoka Tumbe. Lakini mtu akigombana naye kidogo tu, utasikia: watu wa kuja hao. Mama yake alizika watoto kabla ya huyu, na alipompata huyu akamwita Jaribu, kwa mitihani aliyoipitia. Mtoto akakua nalo jina hilo wala hakulilalamikia.

Kazi yake ilikuwa kuchuma karafuu, na sisemi hivi kwa kuwa keshakufa: hakuna aliyempata. Mikarafuu ya zamani ya huku ni mirefu, na karafuu zenyewe hukaa kwenye ncha za matawi, pale pasipobeba mtu. Wengine huvunja tawi wakashuka nalo, wakalichuma wamekaa. Jaribu alikuwa halivunji. Alijifunga kamba, akalivuta tawi taratibu kama unavyomvuta mtoto mkono, akalichuma, akaliachia lirudi kwao. Alisema mti ukiuvunja mwaka huu, mwaka unaokuja unakununia. Jioni tukikaa kuchambua, kutenga karafuu na vikonyo vyake, alitutania sisi wanawake mpaka tukasahau vidole vinavyouma. Mie aliniita Sheha, mkuu wa mtaa, eti kwa amri zangu. Akirudi kwake, Mwatima akilifua shati lake hukuta punje chache zimesalia mfukoni, akazitia kwenye chai. Kila mchumaji ana punje zake za mfukoni, na hakuna mwenye shamba aliyewahi kuuliza. Zikumbukeni punje hizo, maana zitarudi.

Sasa Bi Mwanamize. Mjane, jirani wetu wa upande wa pili, mwanamke wa swala na saumu, sina baya la kumsema. Mtoto wake ni mmoja, Ridha. Msimu ule karafuu zilizaa mpaka matawi yakainama, na shamba la Bi Mwanamize alilichuma Jaribu. Zikaanikwa, zikakauka, zikajaza magunia mawili mazito, na Jaribu mwenyewe akayabeba begani akayapanga chumba cha nyuma. Bi Mwanamize alikuwa kayawekea nia: yakiuzwa, anakwenda Makka. Nia hiyo alikuwa nayo tangu mumewe yuko hai. Akaenda arusini Tumbe, akalala huko, na aliporudi chumba kitupu. Mlango haukuvunjwa. Kufuli haikuguswa. Mtu mwenye akili angesimama hapo hapo akajiuliza, ufunguo ana nani? Lakini akili za watu ziliuruka mlango, zikauruka ufunguo, zikaenda moja kwa moja kwa aliyebeba.

Hakuna aliyemtaja. Kwetu hatutaji mtu. Kwetu tunasoma halubadiri.

Kwa asiyejua, hicho ni kisomo. Mtu akiibiwa na mwizi hajulikani, watu hukusanyika wakasoma majina ya wale waliopigana Badri pamoja na Mtume, ubani unafukizwa, na mwizi anaombewa balaa. Kisomo chenyewe ndicho kinachomtafuta, na akishapatwa kila mtu keshajua ni nani, pasihitajike polisi wala shahidi. Shehe Abrahman, mwalimu wetu wa chuoni, chuo cha Kurani, alikuwa hataki. Alimwambia Bi Mwanamize mbele yangu kuwa jambo hili si la kukimbilia, likishatoka mdomoni halirudi, na aliyedhulumiwa akasubiri ana malipo makubwa zaidi. Bi Mwanamize akamjibu kuwa yeye si mtume, kasubiri vya kutosha, na Shehe akakubali shingo upande. Ikatangazwa kwa kipaza sauti cha msikiti kuwa aliyechukua arudishe kabla ya Ijumaa. Ijumaa ikaja, chumba bado kitupu.

Siku ya kisomo tulijaa wote. Usipokwenda, mwizi ni wewe, kwa hiyo hata wagonjwa walishikwa mkono wakaletwa. Ridha ndiye aliyebeba chetezo. Mtoto wa nyumba, nani mwengine abebe? Alipita na moshi mbele ya kila mtu, na kila mtu akauvuta kwake kwa viganja, kuonyesha hana wasiwasi. Jaribu alikaa safu ya mbele. Shehe akiomba, ewe Mola, aliyechukua mvunje, Jaribu anaitikia amin, sauti yake inazipita za wenzake. Nilikuwa upande wa wanawake, nikaisikia kwa masikio yangu. Kwa mdomo wake, kwa hiari yake, alimwombea mwizi avunjike.

Baada ya hapo sote tukawa wazima kwa nguvu. Lahaula, mngetuona mngecheka. Bi Laila ana pumu tangu usichana wake, akawa anakohoa kaziba mdomo kwa mto. Mzee Jecha alitokwa na jipu makalioni, akawa analikalia huku anatabasamu. Hakuna aliyethubutu kuumwa hata jino. Tulitazamana kila asubuhi, na moyoni, Mungu atusamehe, kila mmoja aliomba liharakishe limpate mwenziwe.

Likampata Jaribu. Alikuwa juu ya mkarafuu wa Mzee Nassor, mti aliokuwa akiupanda tangu hajabaleghe. Tawi alilolikanyaga lilikuwa limevunjwa msimu wa nyuma na mchumaji mvivu, likabaki limeshikwa na gome tu, na majani yakalificha jeraha. Likaachia. Mie nilikuwa chini nachambua. Nilimwona ardhini macho wazi, ananiuliza miguu yake iko wapi. Watu wakaja mbio, na mtu akianguka, anayefika kwanza husema pole. Aliyefika kwanza siku ile alisema, "Halubadiri." Hakupiga kelele. Alilisema kama mtu aliyepata jibu la hesabu. Na wote wakarudi nyuma, wasije wakamgusa aliyeguswa. Tuliomlaza kwenye ubao ni mie na Shaame, mume wangu, basi.

Hospitali walisema ni uti wa mgongo. Akapelekwa Unguja, wakasema yale yale, akarudishwa nyumbani. Kwetu mgonjwa akirudi, nyumba hujaa watu na vyungu vya uji. Kwa Jaribu uji ulitoka kwangu tu. Watoto wa chuoni wakamtungia wimbo Khairat, binti yake pekee, mpaka akawa anapitia vichakani kwenda kusoma. Nilimkamata mmoja wao nikamfinya sikio. Mama yake akaja kunitukana, nami nikamrudishia, tukagombana mpaka adhuhuri, na haikusaidia kitu.

Mwanzo Jaribu alikataa kama anavyokataa yeyote asiye na kosa. Mwatima alimwuliza mara moja, kwa upole, na alipoapa hakumwuliza tena. Lakini mtu akilala chali mwezi baada ya mwezi, anatazama boriti, mawazo yanamla. Siku moja nimempelekea uji akaniuliza kama namkumbuka bibi mmoja aliyekuwa na mshokishoki karibu na chuo. Nikasema namkumbuka. Akasema aliwahi kumwibia shokishoki utotoni. Nikacheka. Yeye hakucheka. Siku nyengine akasema aliwahi kuokota mpeta, zile karafuu zinazodondoka chini, katika shamba la watu bila ruhusa. Hapo nikaanza kuogopa. Alikuwa anayachambua maisha yake yote, na mwisho akafika kwenye punje za mfukoni.

"Bi Mardhiya, zile hazikuwa zangu," akasema.

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia, Mungu gani huyo wa kuvunja mgongo wa mtu kwa punje za chai, akamwacha aliyebeba magunia?

"Mungu hadhulumu. Unakubali?"

"Nakubali."

"Nami nimevunjika. Unaona?"

"Naona."

"Basi nimefanya. Kama si yale magunia, nimefanya lengine linalolingana nayo. Kama ipo njia ya tatu, nioneshe."

Mie nimesoma chuoni juzuu amma, zaidi ya hapo sikuendelea. Watu husema Mungu si Athumani, na maisha yangu yote nimelisema neno hilo kuwaliwaza wenzangu waliodhulumiwa. Siku ile lilinigomea mdomoni. Nikachukua bakuli langu nikarudi kwangu, nikalia jikoni kwa ghadhabu, sijui nimemghadhibikia nani.

Ndipo Khairat akashikwa na homa. Homa kali, mtoto anaweweseka. Mwatima alimkimbiza hospitali, akapewa dawa, lakini homa ikawa inapanda. Watu wakasema halubadiri haiishii kwa mtu mmoja, isipokiriwa inaingia kwenye kizazi. Walilisema njiani, makusudi, lisikike ndani. Jaribu akamwita Shehe Abrahman akamwambia anataka kukiri.

Alijua hakuyachukua. Alijua pia anaweza kunyamaza, hakuna aliyemshikia panga. Nilimwendea mbio nikamwambia anakwenda kusema uongo mbele ya msikiti.

"Najua," akasema. "Yote mengine yamenifika tu. Dhambi hii angalau nitakuwa nimeichagua mwenyewe."

Ijumaa baada ya swala alibebwa juu ya kiti cha plastiki mpaka nje ya msikiti, na sisi wanawake tukaitwa. Akasema magunia kayachukua yeye, anaomba radhi. Bi Mwanamize akamwuliza kayapeleka wapi. Maskini ya Mungu, hilo alikuwa hakulifikiria. Mwizi gani hajui kapeleka wapi mali? Akatazama chini, akasema yalinyeshewa na mvua yakaoza, akayatupa baharini. Watu wakaguna. Makka ya mama wa watu imetupwa baharini! Bi Mwanamize alilia sana, kisha akasema amemsamehe kwa ajili ya Mungu, na dua ikasomwa. Ridha alikuwa kasimama nyuma ya mama yake, kamshika bega, anamtuliza.

Kesho yake homa ya Khairat ikashuka. Mtoto alikuwa anameza dawa za hospitali siku zote hizo, lakini nani aliyezihesabu dawa? Kijiji kizima kikasema subhanallah, mmeona? Waliokuwa na shaka kidogo, shaka yao ikaisha. Wakaanza kuja barazani kununua kamba na kumwambia Mungu ni mwingi wa msamaha. Naye anaitikia, ndiyo, ni mwingi wa msamaha, huku anasokota. Hakunitania tena. Nilimwambia siku moja, mbona huniiti Sheha? Akasema mwizi hatanii watu.

Ridha akahamia Jadida, huko mjini Wete, akafungua duka la saruji na mabati. Duka likakubali. Akanunua gari, akaoa, akautilia msikiti wetu mabusati mapya na tangi la maji. Hata mie nilimwombea dua.

Mwaka juzi akajaaliwa kwenda hija, yeye na mama yake. Sasa kwetu mwenye kwenda Makka hupita kwanza nyumba kwa nyumba kutaka radhi, asije akasimama Arafa na haki za watu shingoni. Akafika kwa Jaribu na kanzu yake. Mwatima na Khairat walikuwa wamekwenda sokoni, mie nilikuwa barazani namchambulia makumbi. Ridha akasema maneno ya siku zote, kama nimekukosea kwa kujua au kutojua, niwie radhi. Jaribu akasema keshamwia radhi. Wengine wote hapo hushika mkono wakaondoka. Ridha hakuinuka. Machozi yakamtoka.

"Kaka Jaribu, yale magunia niliyachukua mie. Ufunguo nilikuwa nao. Shetani alinipitia."

Shetani alinipitia! Yakhe, nikamuuliza, na siku uliyobeba chetezo alikupitia tena? Na siku mwenzio amekaa juu ya kiti cha plastiki anakiri dhambi yako, shetani huyo huyo akarudi akakuziba mdomo? Hana kazi nyengine, hana watu wengine? Ridha akajifuta uso, akasema kila kitu kimeandikwa, Bi Mardhiya, halidondoki jani ila Mungu analijua. Nikamtazama. Nusu ya kosa kamtupia shetani, nusu kamtupia Mungu, na yeye kabaki mweupe, tayari kwa ihramu. Na asiye na kosa kalibeba lote, hakumgawia mtu.

Nikasimama. Nikasema nakwenda msikitini, leo hicho kipaza sauti nitakishika mwenyewe, niwe mwanamke nisiwe. Jaribu akanidaka pindo la kanga. Miguu ilikuwa imekufa, lakini mikono ilikuwa ile ile iliyovuta matawi, na sikuweza kujinasua.

"Kaa chini."

"Jina lako linarudi leo, Jaribu!"

"Na mgongo?" Alikuwa hanitazami, anamtazama Ridha, na hakuwa na hasira, bora angekuwa nayo. "Huyu alikuwa na moshi mkononi, kisomo hakikumwona. Basi nami hakikuniona. Miaka yote hii nimelala nikijua nimeanguka kwa sababu. Nikautafuta uovu wangu mpaka nikaupata, nikaukalia, nikaona Mungu ni mwadilifu. Kama si mwizi, Bi Mardhiya, basi nimeanguka bure."

Nikakaa. Akaniambia nilete msahafu, akaniapisha nisimwambie mtu wa hapa, si Mwatima, si Khairat, kwa kuwa mtoto amekua akiamini kapona kwa toba ya baba yake, na kitu hicho kimoja asinyang'anywe. Kisha akamwambia Ridha aende zake, safari njema, amwombee huko. Ridha akamwinamia akambusu mkono. Alirudi na maji ya zamzam na tende, akamletea. Jaribu akayanywa.

Lakini tangu siku ile kamba zake zilikuwa legelege. Alianza moja, akaiacha, akaanza nyengine. Swala hakuacha, ila alikuwa akimaliza hainui mikono kuomba. Nilimwuliza kwa nini haombi. Akasema hajui aombe nini, maana hajui vinagawiwa vipi. Alikufa baada ya Ramadhani iliyopita, mchana, kamba iko mapajani.

Jeneza likawekwa uani. Shehe Abrahman, sasa mzee wa kushikwa mkono, akauliza kama tunavyoulizana kwa kila maiti: mnamshuhudiaje ndugu yenu huyu? Kwa maiti yeyote, hata mlevi, watu hujibu pale pale kwa pamoja, mtu wa kheri. Kwa Jaribu pakawa kimya. Nilikuwa nyuma ya ua na wanawake, Khairat kanishika mkono, msichana mkubwa sasa, vidole vyake vinaniumiza. Neno lilikuwa mdomoni mwangu, na kiapo kilikuwa juu yake. Shehe akauliza tena.

"Mtu wa kheri," ikaitikia sauti moja. "Wallahi, mtu wa kheri."

Alikuwa Alhaji Ridha, kaja kutoka Jadida. Wengine wakamfuata, mtu wa kheri, mtu wa kheri, na jeneza likanyanyuliwa. Pembeni yangu wanawake wakaanza: muoneni Alhaji, mama yake ndiye aliyeibiwa na yeye ndiye wa kwanza kushuhudia, huo ndio moyo. Khairat alinilalia begani akalia, na nikauhisi mwili wake unalegea kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mungu amlipe kheri Alhaji Ridha," akasema. "Kamsitiri baba."

Wanawake wote wakaitikia amin. Khairat akainua uso akanitazama, anangoja na mie.

Nikaitikia amin.